Kizazi Kutibiwa Bila Kutolewa: Safari Iliyoanzia Jirani Zetu

Mwaka 1879, huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, mganga mmoja alimpasua mwanamke wa miaka kama 20 aliyeshindwa kujifungua mimba yake ya kwanza. Tabibu mmisionari kutoka Uingereza, Robert Felkin, alishuhudia, na mwaka 1884 akawasimulia madaktari wa uzazi wa Edinburgh. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Pombe hiyohiyo mganga alinawia mikono na kumwoshea tumbo. Msaidizi aligusa kwa chuma cha moto kila palipovuja damu. Mtoto alipotoka, mganga alikiminya kizazi kwa mkono mpaka kikajikaza, akakiacha mahali pake. Tumbo alilifunga kwa pini saba za chuma na uzi wa magome. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Miaka mitatu kabla yake, mjini Pavia, Italia, Eduardo Porro alikuwa amemwokoa mama na mtoto kwa upasuaji kama huo, lakini ili kuzuia damu alikikata kizazi. Njia yake ikasambaa Ulaya, hadi mwaka 1882 Max Sänger wa Ujerumani alipoonyesha namna ya kukishona kizazi badala ya kukitoa. Kwa hiyo anayedhani kumwachia mwanamke kizazi chake ni anasa ya wageni, aanze kwa kuisoma Bunyoro.

Nayaandika haya nikiwafikiria wanawake wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta, jijini Dar es Salaam, ambao hedhi yao huwalaza kitandani, pedi mbili haziwatoshi usiku mmoja, na nyumbani wameambiwa ni chango tu, wavumilie. Baadhi yao wana adenomiosisi: tabaka la ndani la kizazi limepenya na kuota ndani ya msuli wake. Kizazi huvimba, hedhi huwa nzito, damu hupungua mwilini, na mimba huweza kuwa ngumu kushika. Carl von Rokitansky wa Vienna aliueleza ugonjwa huu mwaka 1860, na Thomas Cullen wa Baltimore akaandika kitabu kizima mwaka 1908. Kwa muda mrefu, jibu la uhakika lilikuwa moja: toa kizazi.

Uvimbe wa kawaida wa kizazi una mpaka wake. Daktari hupasua, akaubandua, akashona. Victor Bonney wa London, ambaye mke wake mwenyewe alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe huo, alitumia maisha yake kuwafundisha wenzake kuutoa na kukiacha kizazi. Adenomiosisi haina mpaka. Imechanganyika na msuli, na ukiukata wote hakuna kitakachobaki cha kubeba mtoto.

Wapo waliojaribu tangu miaka ya 1950, lakini hatua kubwa ilitoka Japani. Hisao Osada alikipasua kizazi katikati, akaondoa sehemu iliyougua, akabakiza ukuta wa kama sentimita moja kwa ndani na kwa nje, kisha akazikunja kuta hizo na kuzishona zikipandiana ili mshono usikae mstari mmoja. Mwaka 2011 alitoa matokeo: kati ya wanawake 26 waliotaka mtoto, 16 walishika mimba na 14 walijifungua salama, bila kizazi kupasuka.

Na jijini humo Dar es Salaam, hospitali iliyoanzia kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji mwaka 1897, na ambayo leo tunaiita Muhimbili, imekuwa tangu 2018 ikifundisha madaktari wa kutibu kwa mirija inayopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Kwa njia hiyo huweza kuzibwa mishipa inayolisha kizazi kilichougua. Ila mwanamke wa Temeke au Kinondoni hawezi kuomba asichowahi kukisikia.

Kuna wanaohitaji kizazi kitolewe, na uamuzi huo huwaponya. Lakini dada, kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji, muulize daktari: tumeshajaribu dawa au kitanzi chenye homoni? Ni uvimbe au ni adenomiosisi? Nikitaka mtoto, nani anaweza kunifanyia upasuaji wa kukibakiza, na unaweza kuniandikia rufaa? Na ukifanyiwa, ukashika mimba, anza kliniki mapema na umweleze mkunga kuhusu mshono huo, kwa sababu kizazi kilichoshonwa hivyo kinaweza kupasuka, na kwa kawaida mtoto hutolewa kwa upasuaji, hospitalini.