Chuma cha Galu na Panga la Dukani

Asimamaye leo mbele ya duka la Ukunda, katika pwani ya Kenya, akilipima mkononi panga la bei nafuu na kujiuliza iwapo litamaliza msimu, anauliza swali la kale. Kwani kitabu kimoja cha mabaharia wa Kiyunani, cha yapata karne ya kwanza, chataja mikuki iliyofuliwa Muza, katika Yemen, pamoja na mashoka na majambia, kuwa bidhaa zilizoletwa pwani hizi.

Wala wenyeji hawakuwa wanunuzi tu: Galu, jirani na Diani, yamefukuliwa mabaki ya uyeyushaji wa chuma, naye mwanajiografia al-Idrisi, mwaka 1154, alikihesabu chuma kuwa tijara kubwa ya Mombasa na Malindi. Kisha zikaja bidhaa za viwanda vya Uingereza, na mhunzi akashindwa kwa bei, mpaka magari yalipoenea akapata riziki mpya ya kufua springi kuukuu, ambazo chuma chake hushika makali na hupinda pasipo kuvunjika. Panga lifuliwalo kwa springi hizo halina jamala, nakiri, lakini mkulima wa Msambweni afadhali alinunue hilo kuliko lile jembamba lingʼaalo, ambalo makali yake hukunjika kwenye kifuu cha nazi.