Mpira wa vyuo vya Marekani na karo ya wanariadha wetu

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Septemba 1988, kijana mzaliwa wa Kitale, Paul Ereng, alichomoka kutoka nyuma katika mita za mwisho za mbio za mita 800 jijini Seoul, Korea Kusini, akainyakulia Kenya nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa muda wa dakika 1 na sekunde 43.45. Wengi wanaukumbuka ushindi huo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wakati huo Ereng alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, na kwamba miezi michache awali alikuwa ametwaa ubingwa wa vyuo vya nchi hiyo.

Je, kwa nini chuo cha ng'ambo kimgharimie kijana wa Trans Nzoia masomo, malazi na chakula kwa sababu ya wepesi wa miguu yake? Jibu linapatikana katika mchezo mwingine kabisa, ambao Ereng hakuucheza na ambao wengi wetu hatuufuatilii: mpira wa Kimarekani unaochezwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Huo ndio unaojaza viwanja, unaoleta fedha za televisheni na ambao kwa miaka mingi umeibeba mgongoni michezo isiyokuwa na watazamaji, riadha ikiwemo.

Mzigo huo sasa umeanza kuulemea. Wazazi wa Kitale, Bungoma na miteremko ya Mlima Elgon wanaotarajia watoto wao wapite njia aliyopita Ereng wana kila sababu ya kuufahamu mchezo huu.

Asili ya mchezo

Mpira wa Kimarekani ni ndugu wa raga inayochezwa katika shule zetu. Mpira wenyewe una umbo la yai, kila upande una wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele umbali wa yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Wachezaji huvalia kofia ngumu na kinga za mabega kwa sababu kugongana ni sehemu ya kazi.

Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa Novemba 6, 1869, mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey, ambapo Rutgers iliilaza Princeton 6-4. Siku hiyo mchezo ulifanana zaidi na kandanda tunayoijua. Sheria zilibadilika hatua kwa hatua, na kadiri zilivyobadilika ndivyo mchezo ulivyozidi kuwa wa hatari. Katika msimu wa 1905 vijana wasiopungua 18 walipoteza maisha, na Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu kujadili usalama wa mchezo. Mwaka uliofuata vyuo viliunda chama ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA.

Chama hicho ndicho kinachosimamia mashindano ya vyuo hadi leo, yakiwemo yale ya riadha. Kwa hiyo chombo kilichomtawaza Ereng bingwa wa mita 800 kilizaliwa kutokana na vifo vya wacheza mpira.

Ushabiki usio na kifani

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, uliofunguliwa 1927, una nafasi ya watu 107,601. Katika sensa ya 2019, Kaunti ya Trans Nzoia ilikuwa na wakazi 990,341. Kwa maneno mengine, uwanja huo mmoja wa wanafunzi unaweza kubeba zaidi ya mkazi mmoja katika kila kumi wa kaunti nzima. Uwanja wa Alabama, mjini Tuscaloosa, nao hupokea zaidi ya watu 100,000.

Viwanja hivi hufurika Jumamosi za kati ya Septemba na mwanzoni mwa Desemba. Mashabiki hufika saa nyingi kabla ya kipenga, wakaegesha magari, wakachoma nyama na kunywa pamoja huku bendi za matarumbeta za wanafunzi zikitumbuiza. Wengi wao hawakusoma katika chuo wanachokishabikia. Majimbo kama Alabama na Nebraska hayana timu ya ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, hivyo timu ya chuo ndiyo timu ya jimbo, na mapenzi yake hurithiwa kama mtoto wa Bungoma anavyozaliwa na kukuta nyumba nzima ni ya AFC Leopards.

Kila mwaka kuna pia mechi maalumu ambapo waliohitimu hurejea chuoni. Mtu wa Bungoma ataielewa upesi akikumbuka Agosti ya kila mwaka shufwa, wakati wa tohara ya Wabukusu, ambapo walio Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani hata kama hawajarudi kwa sababu nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba Mmarekani anaporejea chuoni, mara nyingi chuo humsubiri kikiwa na fomu ya mchango.

Faida na hasara kwa chuo

Mfano unaotajwa sana wa faida ni Alabama. Kocha Nick Saban alipoanza kazi huko 2007, chuo kilikuwa na wanafunzi takriban 25,500. Miaka kumi baadaye walizidi 37,000, wengi wakitoka majimbo mengine na kulipa karo ya juu zaidi. Saban alistaafu mapema 2024 akiwa ameipa Alabama ubingwa wa taifa mara sita. Si haki kumpa kocha sifa zote, kwani chuo kilikuwa na juhudi kubwa za kusaka wanafunzi, lakini hakuna anayekana kwamba televisheni ililitangaza jina la Alabama bila malipo kila Jumamosi.

Hata hivyo, upo mfano wa kinyume. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa miongoni mwa vigogo wa mchezo huu, na mwanafunzi wake Jay Berwanger ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora ambayo leo inaitwa Heisman, mwaka 1935. Mwaka 1939 rais wa chuo, Robert Hutchins, aliifuta timu hiyo akiamini kwamba kazi ya chuo ni elimu. Chicago haikuporomoka. Imeendelea kuwa miongoni mwa vyuo vinavyoheshimika zaidi duniani, na mchezo uliporejeshwa miongo mitatu baadaye ulirudi kwa kiwango cha chini, bila mbwembwe.

Mfano wa tatu unasikitisha. Mwaka 2011, Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa kocha msaidizi wa Penn State, alishtakiwa kwa kuwadhulumu watoto kingono, na mwaka uliofuata akapatikana na hatia. Chuo kilipomfuta kocha mkuu aliyeenziwa, Joe Paterno, maelfu ya wanafunzi walimiminika barabarani na kupindua gari la kituo cha televisheni. Hasira yao haikuwa kwa ajili ya watoto waliodhulumiwa bali kwa ajili ya kocha. Huo ndio ushabiki unapogeuka upofu.

Fedha zinavyomfikia mkimbiaji

Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliipokonya NCAA mamlaka ya kudhibiti matangazo ya mechi kwenye televisheni. Tangu hapo, vyuo na miungano ya vyuo vilianza kujiuzia haki hizo vyenyewe. Kufikia 2022, muungano wa Big Ten ulitia saini mikataba ya miaka saba iliyoripotiwa kufikia zaidi ya dola bilioni saba.

Mbio za nyika haziuzi tiketi. Mbona basi vyuo viziendeleze? Zipo sababu mbili za kisheria. Kwanza, chuo kinachotaka kucheza mpira katika daraja la juu kabisa hutakiwa kuwa na timu za michezo isiyopungua 16. Mbio za nyika, riadha ya ndani ya ukumbi na riadha ya nje huhesabiwa kama michezo mitatu, ingawa mkimbiaji yule yule anaweza kushiriki yote. Kwa mkuu wa michezo, hiyo ni njia ya bei nafuu ya kutimiza idadi.

Pili, sheria ya 1972 iitwayo Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho. Kwa kuwa timu ya mpira iliruhusiwa ufadhili wa wanaume 85, vyuo vililazimika kuwatafutia wanawake nafasi kwingineko. Ndiyo maana kwa miaka mingi riadha ya wanawake iliruhusiwa ufadhili kamili 18, ilhali ya wanaume ilipewa 12.6. Binti kutoka Kenya alipata nafasi kwa sehemu fulani kwa sababu mashabiki wa Marekani walitaka wanaume 85 wagongane kila Jumamosi.

Matunda yake yanaonekana. Mkenya Doris Lemngole, akikimbilia Alabama, alishinda ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo 2024, na Juni 2025 akashinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 58.15, rekodi ya vyuo vya Marekani.

Isidhaniwe kwamba kila chuo kinatajirika. Idara nyingi za michezo hutumia zaidi ya zinachopata na kutegemea ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo.

Funzo la Washington State

Hakuna chuo kinachoonyesha uhusiano huu vyema kama Washington State, mjini Pullman. Chini ya kocha John Chaplin, chuo hicho kiliwapokea Wakenya wengi katika miaka ya 1970 na 1980. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Julius Korir alishinda dhahabu ya Olimpiki 1984 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Baadaye Bernard Lagat naye alipitia huko.

Mwaka 2023, muungano wa Pac-12 ambao chuo hicho kilikuwa mwanachama wake ulisambaratika. Vyuo 10 kati ya 12 vilitangaza kuhamia miungano yenye mapato makubwa zaidi ya televisheni, sababu kuu ikiwa mpira. Washington State na Oregon State pekee ndivyo vilivyobaki, vikaanza kusaka wanachama wapya huku mapato yakishuka.

Juni 2025, Washington State ilitangaza kuondoa mashindano ya kurusha na kuruka, kupunguza mbio fupi na kuelekeza riadha yake katika mbio ndefu. Mkimbiaji wa masafa marefu amesalimika huko kwa sasa. Mrusha mkuki hana tena nafasi. Uamuzi wa nani atangazwe na televisheni ipi ulifika hadi kwenye kiwanja cha riadha.

Mabadiliko ya 2025

Kwa zaidi ya karne moja wachezaji hawakulipwa mshahara. Tangu Julai 2021 waliruhusiwa kujipatia fedha kutokana na majina na picha zao. Kisha Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maafikiano katika kesi ijulikanayo kama House. Wachezaji wa zamani walitengewa fidia ya dola bilioni 2.8, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 (takriban Sh2.6 bilioni) katika mwaka wa masomo wa 2025-26.

Ni haki kwamba anayevunjika mifupa apate sehemu ya jasho lake. Lakini sehemu kubwa ya malipo hayo huwaendea wacheza mpira, na fedha hizo sharti zitoke mahali fulani. Vyuo vilivyokubali masharti hayo pia vimewekewa kikomo cha idadi ya wanamichezo: 45 kwa riadha na 17 kwa mbio za nyika. Chuo kinaruhusiwa kumfadhili kila mmoja wao, ila hakilazimishwi. Aidha, mwanafunzi wa kigeni hubanwa na masharti ya viza kuhusu kazi za malipo, hivyo si rahisi kwake kunufaika na mapato hayo mapya.

Mzazi aulize nini?

Kabla ya kuuza ng'ombe ili kununua tiketi ya ndege, mzazi ahakikishe ameona barua rasmi kutoka kwa chuo chenyewe, wala si ahadi ya wakala. Aulize iwapo ufadhili unalipia gharama zote au sehemu yake tu, na kama ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka yote ya shahada. Aulize itakuwaje mtoto akiumia, au timu ikifutwa. Afahamu pia kwamba NCAA hukagua vyeti vya masomo, na kwamba fedha za zawadi za mbio za barabarani zinaweza kuibua maswali kuhusu ustahiki wa mwanariadha.

Nasi nyumbani tuna la kujifunza. Katika vyuo vyetu, mathalan Kibabii mjini Bungoma, kilichokuwa chuo kikuu kamili 2015, michezo haina mabilioni ya televisheni. Huo ni umaskini, lakini pia ni uhuru: hakuna kocha anayemzidi rais wa chuo kwa nguvu. Kazi iliyopo ni kuwapa wakimbiaji wetu nafasi ya kusoma na kukimbia hapa hapa, ili mlango wa Marekani ukizidi kuwa mwembamba, usiwe mlango wa pekee.