Waliojua Yalipo Maji: Njia za Vita kutoka Kasigau hadi Ntoto

Agosti 1915, kikosi cha Wajerumani kiliwavamia walinzi wa Waingereza katika mlima wa Kasigau, kusini-mashariki mwa Voi, kikawateka. Maofisa wa Kiingereza wakatafuta wa kulaumiwa, na waliokuwa karibu zaidi walikuwa wanavijiji wa mlimani. Walituhumiwa kwamba wamemsaidia adui na kumwonyesha njia. Watu wa Kasigau, wake kwa waume, wazee na watoto, wakaondolewa kwao na kuhamishiwa Malindi, wakaachwa pwani kwenye joto na malaria ambayo miili yao haikuizoea. Wengi walifia huko. Waliobaki walikuja kurudi mlimani kwao katika miaka ya 1930, wakati watoto waliotoka wamebebwa mgongoni walikuwa tayari watu wazima.

Leo, katika kaunti hiyohiyo ya Taita Taveta, kuonyesha njia za vita ni kazi halali ya kumpatia mtu riziki. Wageni hufika Voi, Maktau na Taveta wakitaka kutembezwa walikopigana Mwingereza na Mjerumani kati ya 1914 na 1916, na wenyeji huwatangulia. Hoteli za Taita Hills zimeweka vyumba vya kumbukumbu, na tangu maadhimisho ya miaka 100 ya vita hivyo mwaka 2014 habari zake zimeandikwa upya, kikiwamo kitabu cha James Willson, Guerrillas of Tsavo. Ila naona wageni wengi bado hupelekwa kwenye makaburi yenye majina na kurudishwa hotelini, na Kasigau hutajwa mwishoni kama muda umebaki. Mimi ningeanzia Kasigau.

Sababu ni kwamba vita vya upande huu vilikuwa kwanza vita vya njia na maji, ndipo vikawa vya bunduki. Kati ya Kilimanjaro na reli ya Uganda kuna nyika kavu ya Tsavo. Wajerumani waliitwaa Taveta katikati ya Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, na kutoka hapo wakawa wanatuma vikundi vidogo vya askari na wapagazi kwenda kwa miguu kulipua reli. Vikundi hivyo vilitembea usiku na kujificha mchana, na vingine vilipotea watu wakafa kwa kiu. Ramani za wakati ule hazikuwa za kutegemewa. Aliyejua bonde lipi lina maji baada ya mvua, na faru hupita wapi, alikuwa na thamani kuliko mzinga. Mtu wa namna hiyo hakuwa ofisa, na mara nyingi hakuulizwa kama anapenda kwenda. Pande zote mbili zilimhitaji, na zote mbili zilikuwa tayari kumwadhibu.

Waingereza nao walilazimika kuileta njia yao wenyewe. Mwaka 1915 walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na maji ya kambi za Maktau na Mbuyuni yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Reli hiyo ilikuja kupita kati ya vilima vya Latema na Reata hadi kuungana na ile ya Wajerumani upande wa Moshi. Abiria waliopanda treni ya Voi na Taveta kwa miaka mingi baadaye walikuwa wakipita juu ya njia ya vita, na sidhani wengi walilijua hilo.

Mahali pazuri pa kumwona mwongozaji hodari akifanya kazi ni Salaita, kilima kifupi kilichosimama peke yake uwandani mashariki mwa Taveta. Mgeni akifika hutaka kupanda juu mara moja. Mwongozaji anayeijua kazi yake atamzuia kwanza hapo chini. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Jenerali Malleson, askari wapatao 6,000, liliishambulia Salaita. Mizinga yake ilikipiga kilele kwa makombora kwa sababu mahandaki yalionekana huko. Mahandaki yale yalikuwa ya kudanganyia. Askari wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, walikuwa chini kabisa, kwenye mitaro iliyofichwa na vichaka vya miiba, wakingoja. Wazungu wa Afrika Kusini, waliokuwa hawajafika Afrika Mashariki siku nyingi na hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kuwasimamisha, walitembea moja kwa moja hadi kwenye midomo ya bunduki za rashasha. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na waliobaki wakarudi nyuma kwa fujo.

Waliowaokoa walikuwa Wahindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, ambao walisimama imara na kuuzuia msukumo wa Wajerumani, kisha wakaokota bunduki ya rashasha iliyoachwa na Waafrika Kusini na kuwarudishia wenyewe. Ukisimama chini ya kilima ukatazama juu, kisha ukateremsha macho polepole hadi kwenye mawe yaliyo mbele ya miguu yako, utaelewa kosa la Malleson bila maelezo marefu. Ukianzia kileleni hutaelewa kitu, maana kule juu utaona mandhari ya Kilimanjaro na kusahau kilichokuleta.

Karibu na hapo kuna mbuyu mkongwe wenye matundu ya risasi. Husimuliwa kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwalenga Waingereza mmoja mmoja, akilipiza kisasi cha mumewe. Wageni huipenda hadithi hiyo na waongozaji huijua vizuri. Matundu yapo, mtu anaweza kuyatia kidole. Mwanamke mwenyewe ni wa masimulizi, na ni haki mgeni aambiwe hivyo, kwa kuwa nyika hii ina visa vya kutosha vilivyotokea kweli. Pale Maktau, tarehe 3 Septemba 1915, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, alipigwa risasi mguuni akaamuru aachwe nyuma ili ajaribu kuwakinga majeruhi wenzake. Aliuawa, akatunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kifo, na kaburi lake liko Voi, likiwa na jina, tarehe na kikosi.

Jiwe hilo la Voi ndipo swali gumu linapoanza. Waingereza waliajiri au kuwakamata kwa nguvu karibu watu milioni moja wa kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki. Nairobi wamewaachia jina la soko, Kariokor, na Dar es Salaam wamewaachia Kariakoo. Hesabu ya waliokufa hufika karibu 95,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni Aprili mwaka huo. Kwa hiyo mwongozaji anayemwongoza mgeni katikati ya safu za mawe meupe za Taveta anapita kwenye sehemu ndogo tu ya wafu. Wengine wako kando ya njia aliyoijia, chini ya vichaka, na ni yeye tu awezaye kusema hivyo kwa sauti.

Kazi hii ni kongwe kuliko vita hivyo. Waterloo, Ubelgiji, Juni 1815, Napoleon alimtwaa mwenyeji mmoja aitwaye Decoster amwongoze, akafungwa juu ya farasi asitoroke. Vita vilipokwisha, Decoster huyohuyo akawa anawatembeza wageni na kuwasimulia aliyoyaona, na mwandishi Walter Scott alikuwa mmoja wa waliomsikiliza. Papua New Guinea, njia ya Kokoda yenye urefu wa kilomita 96 ilipiganiwa na Waaustralia na Wajapani kuanzia Julai 1942, na Wapapua ndio waliobeba majeruhi kwenye machela milimani. Sasa Waaustralia hufika huko kutembea njia nzima, na wanaowaongoza na kuwabebea mizigo ni wajukuu wa wabebaji wale. Kokoda imetunza kitu ambacho Taita bado haijakitunza vya kutosha. Mbebaji yumo ndani ya simulizi yenyewe, na picha ya Raphael Oimbari akimshika mkono askari George Whittington aliyefungwa macho kwa bandeji, iliyopigwa siku ya Krismasi 1942, inajulikana na Waaustralia wengi.

Upande wa magharibi wa ziwa Victoria, vita vya 1914 vilikuwa na njia zake, na hizo hazina waongozaji. Septemba 1914 Wajerumani waliitwaa Idjwi, kisiwa kikubwa cha ziwa Kivu. Mwaka 1916 majeshi ya Force Publique ya Kongo ya Ubelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Rwanda na Burundi yakashuka hadi Tabora, na kuuteka mji huo tarehe 19 Septemba. Wabelgiji walikusanya wapagazi wapatao 260,000 kwa vita hivyo. Njia kutoka Kivu hadi Tabora ingeweza kutembewa kijiji kwa kijiji. Tombeur alipewa cheo cha heshima kilichobeba jina la Tabora. Wapagazi walirudi makwao, waliojaliwa kurudi, bila chochote.

Sasa nije Ntoto, kwenye njia za vita vya karibu zaidi katika Kivu hiyohiyo.

Ntoto iko Walikale, Kivu Kaskazini, karibu na mpaka wa Masisi, mahali ambapo nyanda za malisho huisha na msitu huanza. Tarehe 20 Machi 1993 watu walikuwa sokoni. Wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga waliingia kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja, wakiwa na bunduki, mishale na mapanga, na kuwaua Wahutu waliokuwa hapo. Wapo waliojitupa katika mto Lowa wakazama. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, inayokusanya maovu makubwa yaliyotendwa Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, inaanza kuhesabu kutoka mwezi huo. Katika siku na wiki zilizofuata wanamgambo wa Kihutu nao wakajipanga, na vijiji vya Wahunde na Wanyanga vikashambuliwa. Kabla mwaka haujaisha maelfu walikuwa wameuawa na watu wapatao 250,000 wamehama.

Mzizi wake ulikuwa mrefu. Kuanzia 1937 Wabelgiji waliwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwapa makazi Masisi, juu ya ardhi ya machifu wa Kihunde. Baada ya uhuru uraia wao ulitolewa na kunyang'anywa kwa sheria, na ile ya 1981 ndiyo iliyouma zaidi. Rais Mobutu alipolegea na uchaguzi ukaanza kuzungumzwa, nani ni raia na nani atapiga kura likawa jambo la kufa na kupona, pamoja na swali la nani anamtambua mwami (chifu) gani na nani analima wapi.

Wakati wa vita vile, na katika vilivyofuata, waliojua njia za msitu wa Walikale ndio waliowatoa wengine hai. Mwishoni mwa 1996, kambi za wakimbizi wa Rwanda kuzunguka Goma zilipovunjwa kwa vita, umati ulipita Masisi na Walikale kwa miguu hadi Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, mamia ya kilomita. Kambi ya Tingi-Tingi ilianguka tarehe 1 Machi 1997 na watu wakaingia tena msituni. Aliyeonyesha kivuko cha mto siku hizo alihatarisha kichwa chake, kama mtu wa Kasigau mwaka 1915.

Hakuna atakayewapeleka wageni Ntoto kesho. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Machi mwaka huohuo waasi hao walifika Walikale mjini kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Masisi haijatulia. Salaita ilitulia mwaka 1916. Wanaotembezwa huko hawana ndugu aliyezikwa jana, wala mwenye mashamba hasemi kwamba mwongozaji ni wa kabila la adui. Ntoto mwongozaji angeulizwa swali hilo kabla hajafungua kinywa, na nadhani muulizaji angekuwa na haki. Njia ya Ntoto, siku itakapofunguka, itahitaji waongozaji wawili watembee pamoja, mmoja wa upande wa waliouawa sokoni na mmoja wa upande wa waliochomewa vijiji baada ya hapo, kila mmoja akiachiwa nafasi ya kuwataja watu wake hadi mwisho bila kukatizwa. Soko litakuwa kituo cha kwanza na mto Lowa cha pili. Kisha njia ipande Masisi, kwenye vijiji vya Wahunde, ili mgeni asirudi na nusu ya habari.

Kasigau ilisubiri hadi walioshuhudia wakafa karibu wote, na leo habari ya uhamisho inasimuliwa na wajukuu kwa kusikia. Kijana aliyekuwa na miaka 15 sokoni Ntoto siku ile bado hajafika 60. Wengi wa watu wa Masisi na Walikale walioiona 1993 wametawanyika katika mitaa ya Goma, Sake na Minova, na baadhi wako ng'ambo ya mpaka. Kuwauliza na kuandika majina ya waliokufa, kijiji kwa kijiji, hakuhitaji njia ya Ntoto iwe salama. Kunahitaji madaftari, vijana wa Kihutu, Kihunde na Kinyanga wanaoweza kuandika Kiswahili, na mtu wa kuwalipa nauli.