Kutia Saa Majira

Watu wa pwani, saa ilipokuwa imepotea, walisema wanaitia majira, na neno hilo ni pana kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa majira ni wakati na musimu, na kwa mabaharia majira ni njia ambayo chombo hushikishwa baharini ili kisielekee kusiko. Kwamba lugha yetu iliziweka saa na safari chini ya neno moja ni bahati njema kwa mtu atakaye kusimulia habari ya kazi hii, maana elimu ya kuipima saa na kuisahihisha, ambayo leo yaweza kumshughulisha jioni mtu asiye fundi, mezani pake nyumbani, ilipata uzito wake wote pale mabaharia walipotambua kwamba sekunde iliyopotea ndani ya saa ni masafa yaliyopotea baharini.

Mimi si fundi saa. Nina saa moja ya mkono ya kutia ufunguo, na kila asubuhi, saa moja, naitia ufunguo mpaka kamani ikatae. Kila usiku, saa tatu, nafungua redio na kungoja vile vipigo sita vya BBC ambavyo vilianza kusikika tarehe 5 Februari 1924, ambavyo cha mwisho siku hizi ni kirefu kuliko vitano vilivyotangulia, na saa kamili ni pale kipigo hicho kirefu kinapoanza, si pale kinapokwisha. Hapo hutazama akrabu ya sekunde iko wapi, huandika katika daftari, kisha huiacha saa kama ilivyo kwa muda wa siku 10. Wengi huharibu kazi katika jambo hili moja, kwa maana wakiona saa imetangulia huirudisha nyuma papo hapo, na kwa kuirudisha hufuta ushahidi ambao wangalihitaji kesho. Mwisho wa siku 10 zangu za kwanza saa ilikuwa imezidi sekunde 70, yaani ilikwenda mbele kwa sekunde 7 kila siku. Na kwa kuwa usiku na mchana hufanya sekunde 86,400, kosa lake halikufika sehemu moja katika 12,000. Nilipoifanya hesabu hiyo niliacha kuilaumu saa, nikaanza kuistahi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Saa za mfukoni za karne ya 16, na za sehemu kubwa ya karne iliyofuata, zilikuwa na akrabu moja tu, ile ya saa, nazo kwa hakika hazikustahili ya pili. Ndani yake mlikuwamo kamani ya kusukuma na mzani wa kuzuia, lakini mzani huo haukuwa na kitu cha kuurudisha kwa kipimo chake wenyewe. Ulisukumwa huku na huku na nguvu ya kamani, na nguvu hiyo ilipopungua jioni mwendo nao ulipungua. Mholanzi Christiaan Huygens, ambaye tangu mwaka 1656 alikwisha kuipatia saa ya ukutani utulivu kwa kuitia timazi yenye kuning'inia, alitangaza mwaka 1675 shauri la kuufunga mzani wa saa ya mfukoni na kamani nyingine, nyembamba mfano wa unywele, iliyozungushwa kama mkia wa kinyonga. Mwingereza Robert Hooke alidai kwamba fikira hiyo ilikuwa yake tangu zamani, na ugomvi wao ulikuwa mkali. Lakini kwa mwenye saa jambo kubwa ni kwamba mzani ulipata mdundo wake, na saa iliyokuwa ikikosea kwa robo saa na zaidi sasa ilikosea kwa dakika chache, hata akrabu ya dakika ikawa na maana.

Unywele huo ndio ungali mahali pa kuitilia saa majira hata leo. Ukifungua mgongo wa saa ya mkono utaona juu ya mzani kijiti kidogo chenye alama mbili, A na R katika saa zilizoandikwa kwa Kifaransa, F na S katika zile za Kiingereza. Kijiti hicho huushika unywele karibu na mwisho wake, na kukisogeza ni kuufanya uwe kama mfupi au kama mrefu zaidi, nao ukiwa mfupi mzani hurudi upesi na saa hukimbia. Kiasi cha kusogeza ni kidogo mno hata jicho haliamini kwamba kumetendeka jambo, na kesho yake akrabu imetangulia kwa dakika nzima.

Lakini kusogeza ni nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi; nusu nzito ni kujua saa inakosea kwa kiasi gani, na bahari ndiyo iliyolidai jambo hilo. Bunge la Uingereza lilipoahidi mwaka 1714 zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa mtu atakayeonyesha njia ya kujua longitudo baharini, kila mjuzi wa falaki alifahamu kwamba dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika nne, na kwamba nahodha mwenye wakati wa bandari aliyotoka angejua mara moja umbali wake kwenda mashariki au magharibi. Nahodha aliyetia nanga mbele ya mji wa Unguja, ulio kwenye digrii 39 mashariki ya Greenwich, akiipata adhuhuri yake kwa jua na kuondoa ile tofauti ya jua na saa ambayo majedwali humpa, angepaswa kuikuta saa yake ya Greenwich ikionyesha saa tatu na dakika 23 hivi za asubuhi. Na katika latitudo zetu kila sekunde ya kosa ingemsogeza ramanini takriban mita 460, masafa ya kutosha kumweka juu ya mwamba.

John Harrison, seremala aliyejifundisha mwenyewe ufundi wa saa, alimaliza mwaka 1759 chombo chake cha nne, kilichofanana na saa kubwa ya mfukoni, na mwanawe William akakipeleka Jamaika mwishoni mwa mwaka 1761. Baada ya siku 81 kilionekana kimechelewa kwa sekunde 5.1 tu. Hesabu hiyo, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuondoa mwendo wa kawaida wa saa, yaani ule uchelewaji wa kila siku uliojulikana kuwa tabia yake, na hapo ndipo mabishano yalipozuka, kwa kuwa mwendo huo haukutangazwa kwa halmashauri iliyosimamia zawadi hiyo kabla ya safari. Katika safari ya pili, ya Barbados mwaka 1764, William aliutangaza mwendo kabla ya kung'oa nanga, na kosa lililobaki kwa siku 47 likawa sekunde 39.2, bado ndani ya mpaka wa zawadi. Naliona shauri hili kuwa kiini cha elimu yote: saa njema ni ile ikoseayo leo kama ilivyokosea jana, kwa maana kosa lisilobadilika hutolewa kwa kalamu, na kosa lenye kubadilika halina dawa.

Sasa, mtu wa bara asiye na bahari wala darubini angeupata wapi wakati wa kulinganisha? Katika miji ya dola ya Uthmania palikuwa na vyumba kando ya misikiti alimokaa muwakiti, mwenye kuhesabu nyakati za sala kwa jua na nyota, na wapita njia walisimama dirishani wakazitia majira saa zao. Kwao saa kumi na mbili ilikuwa machweo, kwa hiyo saa ilihitaji kuwekwa upya kila jioni, machweo yakihama pamoja na musimu. Sisi tulio karibu na Ikweta twahesabu kwa namna yenye undugu na hiyo, na jua letu halihami mbali, ndiyo maana saa kumi na mbili ya jioni haiachani sana na magharibi mwaka mzima. Huko Greenwich, tangu mwaka 1833, mpira mkubwa uliangushwa juu ya paa la nyumba ya falaki kila siku saa saba mchana, ili manahodha walio katika mto Thames wauone. Mafundi saa wa London waliokuwa mbali na mto hawakuuona.

Kwa ajili yao John Henry Belville, msaidizi katika nyumba hiyo ya falaki, alianza mwaka 1836 kuuchukua wakati mfukoni na kuupeleka madukani. Saa aliyoitumia ilitengenezwa na John Arnold kwa ajili ya mwana wa mfalme, Duke wa Sussex. Ilikuwa na kasha la dhahabu, naye Belville akalibadili kwa fedha ili isiwatamanishe wezi. Alipofariki mwaka 1856 mjane wake Maria hakupata pensheni, akaomba ruhusa ya kuendelea na kazi, akaendelea nayo hadi mwaka 1892. Kisha binti yao Ruth akaishika hadi mwaka 1940, katika vita, akiwa amepita miaka 80. Kwa muda wa miaka 104 jamaa moja iliuza wakati kwa miguu.

Kila Jumatatu Ruth alipanda kwenda Greenwich na kukabidhi saa yake, naye hakurudishiwa ikiwa imewekwa sawa. Alirudishiwa kama ilivyokuwa, pamoja na shahada yenye kueleza imetangulia au imechelewa kwa kiasi gani, na fundi aliyemlipa alitazama saa, akatazama shahada, akatoa hesabu yake. Mwaka 1908 mkubwa wa kampuni moja iliyouza wakati kwa nyaya za telegrafu alimsema vibaya mbele ya watu, akidokeza kwamba uanamke wake ndio uliompatia wateja. Magazeti yakaandika, na wateja wakazidi. Namheshimu bibi huyu kuliko wengi waliovumbua mashine, kwa sababu alichokichukua kilikuwa amana, na aliwapa watu kosa lake waziwazi, limetiwa sahihi.

Juu ya joto, adui wa kosa lisilobadilika, nitasema kwa ufupi. Unywele wa chuma cha kawaida hulegea penye hari, na saa ya namna hiyo yaweza kuchelewa takriban sekunde 10 kwa siku kwa kila digrii moja iliyoongezeka, jambo zito kwa mtu wa Mombasa au Muscat. Charles Édouard Guillaume alichanganya chuma na nikeli mpaka akapata madini yasiyojali joto, na mwaka 1920 akapewa kwa kazi hiyo tuzo ya Nobel ya fizikia. Saa nyingi njema za kutia ufunguo leo zina urithi wake.

Siku hizi ziko mashine ndogo, ambazo mtu aweza kuzinunua akaziweka nyumbani, zenye kuisikiliza saa ikidunda na kuonyesha katika dakika moja yale ambayo daftari langu huyaonyesha kwa juma zima. Mashine husema kweli ya dakika ile, saa ikiwa imelala juu ya kibao chake. Haijui kwamba mwenye saa huketi, huandika, hulala, hutembea juani. Kwa hiyo sikuipuuza mashine, wala sikuliacha daftari.

Daftari lilinifundisha jambo ambalo nisingeligundua kwa bisibisi. Saa yangu ikilala usiku uso juu huzidi sekunde 4 hadi alfajiri. Ikisimamishwa kwa ubavu, kifundo cha kutilia ufunguo kikielekea chini, hupoteza 3. Basi kijiti cha A na R sikukigusa tena. Mchana hutangulia mkononi mwangu kwa sekunde 3, na usiku, baada ya vipigo sita, naiegemeza kwenye kitabu kifundo kikiwa chini, nazima taa, na asubuhi saa moja naikuta imerudi mahali pake.