Usugu wa antibiotiki katika maambukizi ya mkojo kwa watoto

Ni hali ya bakteria wa njia ya mkojo, hasa Escherichia coli, kuendelea kuzaliana ingawa mtoto anatumia dawa. Uchambuzi wa jarida la BMJ (2016), uliokusanya tafiti 58 kutoka nchi 26, ulikuta usugu dhidi ya ampisilini ukifikia takribani 53% katika nchi tajiri na 80% kwingineko, ambako dawa mara nyingi hununuliwa bila cheti cha daktari. Wapo wanaopinga takwimu hizo, tena kwa haki: mkojo unaooteshwa maabara aghalabu ni wa mtoto ambaye dawa ya kwanza imemshinda, hivyo tatizo huonekana kubwa kuliko lilivyo. Lakini hoja hiyo haigusi jaribio la RIVUR la Marekani (2014), ambamo watoto 607 waligawanywa kwa kura. Kotrimoksazoli ya kila siku ilipunguza maambukizi ya kurudia kwa nusu hivi. Hata hivyo, kati ya walioambukizwa tena na E. coli, usugu dhidi ya dawa hiyo ulikuwa 63% kwa walioimeza na 19% kwa waliopewa dawa bandia. Hapo kinachochuja na kubakiza bakteria sugu ni dawa yenyewe. Kwa kuwa usugu haujulikani kabla ya majibu ya kuotesha, na mtoto mchanga mwenye homa hawezi kuyasubiri, sampuli huchukuliwa kwanza, dozi huanza mara moja, na dawa hubadilishwa majibu yakidai.