Fimbo Nyeupe na Lugha Yake

Asubuhi moja, katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, nilimkuta mzee mwenye fimbo nyeupe amesimama ukingoni mwa barabara, sikio ameliinamisha kidogo upande yanakotoka magari. Nami, kwa huruma iliyoitangulia akili, nikamkamata mkono ulioshika fimbo nikaanza kumvuta tuvuke. Mzee akasita, akanena kwa upole: "Mwanangu, ahsante kwa hisani yako, lakini ukinishika mkono huu fimbo yangu inanyamaza. Nipe kiwiko chako, nikushike mimi." Basi tukavuka hivyo, yeye nusu hatua nyuma yangu, akiusoma mwendo wangu kwa kiwiko: nikipanda ajua napanda, nikishuka ajua nashuka.

Neno lile la fimbo kunyamaza halikunitoka moyoni, na ndilo lililonituma kuitafuta tarikhi ya kifaa hiki, ambacho wengi wetu twakiona kila siku na wachache mno twaifahamu kauli yake.

Fimbo yenyewe ni ya kale. Wahenga waliposema kipofu hasahau mkongojo wake, walikuwa wakitaja jambo walilolishuhudia vijijini na mitaani, wala si wao peke yao walioliona. James Holman, afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyepoteza nuru ya macho akiwa na umri wa miaka 25, aliizunguka dunia katika karne ya 19 akishika fimbo yenye ncha ya chuma, akisikiliza mlio wake unavyorudi kutoka ukutani au unavyopotea uwanjani, na akafika hata Siberia kabla watu wa mfalme wa Urusi hawajamshuku kuwa ni jasusi wakamrudisha. Maadamu njia zilikuwa za watu na wanyama, ambao huenda kwa mwendo wa kadiri na huweza kupishana kwa salamu, fimbo ya rangi yoyote ilitosha.

Motokaa ndiyo iliyoubadilishia mambo huo mkongojo. Mwaka 1921, katika mji wa Bristol, Uingereza, mpiga picha aitwaye James Biggs, aliyekuwa amepofuka kwa ajali, aliona magari yaliyojaa karibu na nyumba yake yakimhatarisha, akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Ng'ambo ya bahari, mwaka 1930, katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, Marekani, George Bonham, aliyekuwa rais wa Klabu ya Lions ya mji huo, alimtazama mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara na fimbo nyeusi isiyoonekana juu ya lami, akapendekeza fimbo za wasioona zipakwe rangi nyeupe. Na kabla mwaka haujaisha baraza la mji lilipitisha sheria ya kumpa haki ya njia kila asiyeona aliyeshika fimbo nyeupe, na kuwalazimu wenye magari wasimame.

Wakati huo huo, huko Paris, Guilly d'Herbemont, mwanamke wa nasaba ya kikabaila, alikuwa amechoshwa na kuwaona wasioona wakiponea chupuchupu katikati ya magari, akawaza kuwapa fimbo nyeupe mfano wa zile walizozishika askari waongozao magari. Tarehe 7 Februari 1931, mbele ya mawaziri wa serikali ya Ufaransa, zilitolewa fimbo mbili za kwanza, na baada yake zikafuata takriban 5,000 kwa askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kwa raia wengine.

Hata hivyo, tukilipima jambo hili kwa mizani ya haki, tutaona kwamba weupe ule ulikuwa ni maneno yaliyosemwa kwa macho ya wengine. Fimbo ilimwambia dereva, "Simama". Lakini mwenyewe aliyeishika haikumwambia mengi, kwani ilikuwa fupi na nzito, ikibebwa mbele ya mwili kama alama. Ilibidi vije Vita vya Pili ili fimbo ifundishwe kusema na mwenyewe. Mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, ambako askari waliopofuka vitani waliletwa wajifunze maisha mapya, Richard Hoover, aliyewahi kuwa mwalimu katika shule ya wasioona, alijifunga kitambaa machoni akatembea, akajifunza, kisha akatunga mtindo unaofuatwa hadi leo. Fimbo iwe nyepesi, na urefu wake ufike kifuani; ncha yake ipige kushoto na kulia, kwa upana uzidio mabega kidogo tu; na mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha iguse kushoto, mahali ambapo mguu wa kushoto utakanyaga hatua ifuatayo. Kwa njia hiyo hakuna hatua inayotupwa kabla haijatanguliwa na habari: hapa pana kidato, hapa pana mchanga, hapa ardhi imekwisha na mtaro umeanza. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu, kwamba kwa kumkamata mkono nilikuwa nimemfumba jicho nikidhani namwongoza.

Mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliitangaza tarehe 15 Oktoba kuwa ni siku ya usalama wa fimbo nyeupe, nayo sasa huadhimishwa katika nchi nyingi, zetu zikiwamo. Kwetu elimu ya wasioona ilikuwa imekwisha kutia mizizi: Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kenya ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, Tanzania mwaka 2010, na baina ya miaka hiyo, mwaka 2006, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba unaoutaja wazi uhuru wa kutembea kuwa ni haki.

Yafaa basi nasi tuijue lugha hii. Si kila mwenye fimbo nyeupe amepofuka kabisa. Wengi wana uoni hafifu, na ukimwona mmoja akiisogeza simu karibu na uso ili asome, usimdhanie uongo. Katika baadhi ya nchi, fimbo yenye mistari myekundu humaanisha kwamba mwenyewe haoni na pia hasikii vyema. Ukitaka kusaidia, mtolee salamu kwanza, uulize, kisha utoe kiwiko. Na zaidi ya yote tukumbuke kwamba fimbo husema ya chini tu: dirisha lililoachwa wazi kuelekea njiani, tawi lililoinama, na bodi ya lori iliyotokeza nyuma, haya huyajua kichwa baada ya kugonga.

Mzee yule tulipofika ng'ambo alinishukuru, akaniachia kiwiko, akashika njia yake. Nilisimama nikisikiliza fimbo: kushoto, kulia, kushoto, kulia, mlio mmoja usiobadilika. Halafu mlio ukavunjika. Ncha ilikuwa imegonga gurudumu la pikipiki iliyoegeshwa katikati ya njia ya waendao kwa miguu. Mzee akaipapasa kwa fimbo, upande huu pana meza ya mchuuzi, upande ule pana mtaro usiofunikwa, akashuka barabarani kwenye magari, akaizunguka, akapanda tena. Fimbo ilikuwa imemweleza kila kitu kwa usahihi. Nikamtafuta mwenye pikipiki, nikamwomba aisogeze, naye, nilipomweleza sababu, akaisogeza mara moja.