Historia ya Amri Ndogo na Watu Wanaozisafisha

Ukifungua kompyuta ya Linux leo ukaandika ls ili uone mafaili yako, unatumia jina lililokuwemo katika mwongozo wa kwanza wa mfumo wa kompyuta wa Unix, wa Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani. Amri za cat, cp, mv na rm zilikuwemo humohumo. Kwa kuwa majina hayajabadilika kwa zaidi ya miaka 50, wengi huchukulia kuwa na vitu vyenyewe viko vilevile, kama mawe ya msingi ambayo hakuna anayeyarudia nyumba ikishasimama. Sivyo. Msimbo ulio nyuma ya majina hayo umeandikwa, ukafutwa, ukaandikwa tena kwa mikono tofauti, na ukiifuata historia yake utakuta jambo moja likijirudia: amri inayobaki salama ni ile iliyopata mtu wa kuisoma upya baada ya miaka, mtu aliye tayari kufuta, hata kama aliyeiandika mwanzo hakuwa bingwa. Ni kama jahazi. Fundi aliyeliunda husifiwa, lakini linaloendelea kuelea ni lile linalopandishwa pwani likatiwa kalafati upya.

Novemba 2, 1988 ndiyo siku jambo hilo lilipoonekana wazi. Mashine za Unix ya Berkeley zilikuwa na huduma iitwayo finger, ambayo ilijibu swali jepesi tu: nani yumo kwenye kompyuta ile sasa hivi? Programu iliyopokea swali, fingerd, ilitenga nafasi ya baiti 512, kisha ikaiachia gets, chombo cha lugha ya C cha kusoma mstari, kazi ya kuijaza. Gets haiulizi nafasi ina ukubwa gani. Humimina tu mpaka mstari uishe. Programu iliyotumwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Cornell, ilipeleka baiti 536. Zile 24 za ziada zikamwagikia mahali palipohifadhiwa anwani ya kurudia, na mashine, badala ya kurejea kwenye kazi yake, ikaenda kutekeleza maagizo ya mgeni. Kompyuta zilizoathirika zinakadiriwa kufika 6,000. Dawa yake ilikuwa kuitoa gets na kuweka fgets, ambayo huambiwa kikomo kabla ya kuanza kumimina. Fgets ilikuwapo miaka mingi kabla ya siku hiyo. Ujuzi haukukosekana, aliyekosekana ni mtu wa kurudi kwenye programu fupi, inayofanya kazi, isiyolalamikiwa na yeyote, akaisoma kwa mashaka. Gets yenyewe iliondolewa kwenye kanuni za lugha ya C mwaka 2011.

Mwaka huohuo wa 1988, Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa ameunganishwa na kompyuta ya chuo kwa njia ya simu usiku wa dhoruba, na kelele za laini zikawa zinapenyeza herufi za ovyo ndani ya maneno aliyoandika. Programu za kila siku zikaanguka kwa sababu ya herufi hizo. Akawapa wanafunzi wake kazi ya kuzirushia amri za Unix takataka za namna hiyo makusudi, na matokeo yaliyochapishwa 1990 yakaonyesha kuwa angalau robo hivi ya amri zilizopimwa zilianguka au kuganda. Kipimo kilirudiwa mwaka 1995, na hapo ndipo ushahidi unapokolea. Katika Unix za makampuni makubwa, yenye wahandisi wa mishahara, amri zilizoshindwa zilikuwa kati ya 15% na 43%. Katika Linux zilikuwa 9%. Amri za GNU, zilizoandikwa katika mradi wa programu huria ulioanzishwa na Richard Stallman, zilikuwa 6%. Kasoro nyingi zilizotangazwa 1990 zilikutwa palepale miaka mitano baadaye ndani ya mifumo ya kuuzwa. Sisemi kwamba wa kujitolea walikuwa na akili kuliko wa kuajiriwa. Ninachokiona ni kwamba msimbo wa GNU ulikuwa mikononi mwa watu walioona fahari kuurudia, na kampuni inayouza kitu kipya haina wepesi wa kumlipa mtu akae na cha zamani.

Waliolifanya suala hili kuwa desturi ni OpenBSD, mradi wa mfumo wa jamii ya Unix ulioanzishwa na Theo de Raadt huko Calgary, Kanada, mwaka 1995. Mwaka uliofuata walianza kuupitia mfumo mzima faili kwa faili. Kosa la aina moja likionekana katika amri moja, hawakuishia hapo. Walilitafuta katika mti wote wa msimbo. Mwaka 1998 wakatoa strlcpy na strlcat, njia za kunakili maneno bila kufurika. Mwaka 2015 waliiondoa sudo, amri ya kumpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi kwa muda, kwenye mfumo wao wa msingi na kuweka doas, iliyo fupi zaidi. Waliodhani huo ni ushupavu tu wakumbuke kwamba Januari 2021 ilitangazwa kasoro ndani ya sudo iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujipa mamlaka yote ya mashine, na kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo tangu 2011. Kisha ikaja pledge, yaani ahadi, katika toleo la 5.9 la mwaka 2016. Amri ya cat inapoanza huuambia mfumo kwamba itasoma mafaili na kutoa maandishi, basi. Ikijaribu kufungua mawasiliano ya mtandao, mfumo unaiua papo hapo. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika historia hii, kwa sababu fagio limevuka mistari ya msimbo na kufikia mamlaka yasiyo na kazi.

Wapo wanaosema kitu kikifanya kazi kisiguswe, na wana mfano wa karibuni. Oktoba 2025 Ubuntu 25.10 iliweka amri za msingi zilizoandikwa upya kwa lugha ya Rust badala ya zile za GNU. Muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba date, ikiulizwa kwa chaguo la -r saa ya faili, ilikuwa ikijibu saa ya sasa, na baadhi ya mashine zikaacha kujitafutia masasisho. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inagusa kujenga upya, na kujenga upya si kusafisha. Anayesafisha hubaki na tabia zilizokwisha kuaminiwa na watumiaji, akaondoa hatari moja baada ya nyingine. Wengine husema zana za kisasa za kusaka kasoro zimemaliza kazi hii. Kundi la Miller lilirudia kipimo chake kikongwe na kuchapisha mwaka 2020: Linux ilishindwa katika amri 9 kati ya 74, macOS 12 kati ya 76, FreeBSD 15 kati ya 78. Kiwango hicho cha Linux kiko juu kidogo kuliko kile cha 9% cha mwaka 1995. Kalafati ilikuwa imelegea.

Kazi hii haiko mbali nasi. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, amri nyingi kama cp zilizomo ndani ya simu za Android, simu za wengi wetu kutoka Mombasa hadi Bukavu, hutoka katika mkusanyiko uitwao Toybox, ulioanzishwa na Rob Landley. Ndani ya msimbo wake kuna folda iitwayo pending, makazi ya amri ambazo bado hazijasafishwa zikakubalika. Leseni yake humruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuusambaza bila hata kutaja jina la mwandishi. Mwalimu wa C mwenye darasa Dodoma au Eldoret achague faili moja humo, alisome na wanafunzi wake mstari kwa mstari, na watakachokisafisha wakirudishe kwa wenyewe.